Nilisema Nitarudi

Sauti yangu ilikuwa kubwa, na sitajifanya mnyenyekevu juu ya jambo hilo. Jioni nikiita mbuzi, majirani wa ng'ambo ya korongo waliita na wa kwao, maana walijua saa imefika. Mume wangu, Musyoka, hakuwahi kunitafuta sokoni Muthetheni. Alisimama penye kona, akatega sikio, basi. Kwa hiyo siku niliyotolewa goita shingoni, nikaamka na kiu, nikafungua kinywa kuomba maji na kukatoka kiupepo tu, nilifikiri kuna mgonjwa kitanda cha jirani anayepumua vibaya. Niligeuka kumtazama. Kitanda kilikuwa kitupu.

Nayaandika haya kwa ajili yako wewe uliyeketi mahali na bandeji shingoni, watu wanakuuliza swali kisha wanamtazama aliyekusindikiza ili awajibu. Nimepita hapo. Sitakueleza habari za mishipa, kwa kuwa sizijui sana na hazikunisaidia. Daktari alisema kamba moja ya sauti imelala. Huenda ikaamka, huenda isiamke, tungoje mwaka. Musyoka alipoelezwa hivyo alicheka mpaka ikabidi atoke wodini: Mkamba amepoteza kamba. Mzaha huo aliurudia kwa kila mgeni aliyekuja kuniona, na kila mara nilitaka kumwambia anyamaze, na kila mara sikuweza.

Swali la kwanza nililomuuliza daktari halikuwa nitapona lini. Nilimuuliza kama nitaimbisha tena mwethya. Yeye hakuwa Mkamba, na sauti yenyewe ilikuwa ile ya upepo, akadhani nataka kutapika. Akaagiza niletewe beseni.

Kwa msomaji wa mbali, mwethya ni kikundi chetu cha kazi. Huku Mwala mashamba yetu yako kwenye miteremko, na bila matuta mvua ya Novemba huubeba udongo wote ikaupeleka mtoni. Basi wakati wa kiangazi tunakusanyika, leo shamba la huyu, wiki ijayo la yule, tunachimba mtaro na kuurusha udongo upande wa juu. Wenye majembe wanatangulia, wenye sepetu wanafuata nyuma yao. Wote wakienda kwa mpigo mmoja, kazi inakuwa tamu. Wakikosana hata kidogo, udongo unamwingia mtu machoni. Anayewapatanisha ni mwimbishaji, ambaye kwa Kikamba tunamwita ngui. Ngui anatoa mstari, kikundi kinaitikia, na penye kuitikia ndipo udongo unapopaa.

Ngui ana ruhusa ambayo hata chifu hana. Anaweza kumtaja mtu yeyote kwa jina ndani ya wimbo, awe mvivu, mchoyo au mchelewaji, na aliyetajwa hakasiriki. Anashika kifaa na kufanya kazi zaidi. Mimi nilikuwa ngui wa kikundi chetu tangu binti yangu Mutheu akiwa bado mgongoni. Nimewataja wazee wa kanisa. Nimemtaja chifu mwenyewe, akavua koti. Hiyo ndiyo kazi niliyoogopa kuipoteza, na kama utacheka kwamba mtu amekatwa shingo na anawaza nyimbo za kuchimbia mitaro, cheka tu, mimi najua nilichokuwa nacho.

Nilirudi nyumbani mwezi wa Agosti, baridi ikiwa inaondoka. Hakuna aliyeniambia kwamba sauti ikienda haiendi peke yake. Maji ya kunywa yalinipalia, nikawa nakunywa kwa kuinamisha kidevu, kijiko kwa kijiko. Nikisema maneno machache nilihema kama niliyepanda kilima na mtungi kichwani. Kucheka kulitoa mlio wa baiskeli inayoishiwa pumzi, kwa hiyo niliacha kucheka. Mbuzi wangu, niliowalea mwenyewe, waliniangalia nikiwaita pale uani halafu wakaendelea kula nguo zangu kwenye kamba. Hilo liliniuma kuliko kidonda.

Na kulikuwa na Musyoka. Yeye ana mashine ya kusaga posho pale sokoni, ameishi na ngurumo yake tangu ujanani, na masikio yake yamesagika pamoja na mahindi ya watu. Sasa hebu tufikirie sisi wawili mezani, mke asiye na sauti na mume asiyesikia. Nikiomba chumvi naletewa chai. Alikuwa na subira, sitamnyima sifa yake. Alifua, akapika ugali mgumu kama tofali, akanipaka dawa kwenye kovu kwa kidole kimoja akiwa ameuma ulimi. Lakini mgeni akiingia tu, yeye ndiye alikuwa kinywa changu. "Anasema anaendelea vizuri." "Anasema hataki uji." Mara nyingi sikuwa nimesema kitu.

Mwisho wa mwezi huo kikundi kilifanya mkutano wa kupanga msimu wa kuchimba. Alikuwepo mgeni, afisa mpya wa kilimo, kijana wa kutoka Kisii, kwa hiyo tuliongea Kiswahili. Mwenyekiti wetu ni Mama Kioko, mwanamke mrefu asiyependa maneno ya kuzunguka. Alinigeukia mbele ya watu wote.

"Mama Mutheu, pole sana na ugonjwa. Sasa hii msimu wewe uko na sisi ama?"

Nilimvuta Musyoka koti, nikamsemea sikioni: nitarudi. Jaribu kulisema neno hilo wakati pumzi inakutoroka kooni kabla hujalianza. Ile "ni" ilipotea. Mbele yake ulitangulia upepo mrefu, sss, kama nyoka majanini. Musyoka alisimama, akafunga kifungo cha koti, akakohoa.

"Amesema hatarudi."

Nilitikisa kichwa kwa nguvu zangu zote kukataa. Wao wakaona mtu anatikisa kichwa kwamba hatarudi. Mama Kioko akasema tumpigie makofi kwa miaka aliyotuimbia, wakapiga. Mama mmoja akaanza sala ya kunishukuru. Mimi nikalia kwa hasira, na machozi hayo yakawathibitishia kila kitu. Kabla ya amina walikuwa wameshamchagua Kalekye, mke wa shemeji yangu mdogo, mwenye sauti tamu ya kwaya, awe ngui mpya.

Nyumbani nilimshika Musyoka sikio, nikamsemea ndani yake mpaka akaelewa. Alikaa kwenye kiti akashika tama.

"Lakini si nilisikia 'sitarudi'."

Nikamwambia aende awaambie alisikia vibaya.

"Niende niwaambie nini, Syombua? Watu wameomba. Watu wamepiga makofi." Kisha akaongeza, taratibu, "Na pia pumzika. Umeimba ya kutosha."

Unga wangu ulikuwa umemwagika, na aliyeumwaga alikuwa mwenye mashine ya kusaga. Nilikaa siku nyingi bila kumsemesha, lakini adhabu hiyo haikuwa na maana kwa sababu hakugundua.

Mvua ya Novemba ilinikuta kwenye benchi la hospitali mjini Machakos. Wewe unayesoma huenda unalijua benchi la namna hiyo. Muuguzi anatoka mlangoni na karatasi, anaita jina, anaangalia huku na huku, anaita la pili. Safari ya kwanza aliniita, nikasema "niko hapa", nikainua mkono katikati ya watu waliosimama, na mvua juu ya mabati ikameza kila kitu. Aliliruka jina langu. Nilirudi nyumbani bila kuonwa na mtu.

Safari ya pili nilikaa karibu na mzee mmoja wa mjini, mwenye kanzu na kofia nyeupe. Jina lake Mzee Athman, muuza vitambaa, naye alikuwa na matatizo yake ya koo. Alinisikiliza nikijieleza kwa ule upepo wangu, akainamisha kichwa mpaka kofia ikakaribia kunigusa, na hakunimalizia sentensi hata moja. Muuguzi alipoita jina langu, mzee aliinua bakora.

"Yupo. Mama huyu hapa."

"Ako wapi?"

"Yupo, anakuja. Mpe nafasi asimame."

Kisha akanyamaza, akaniacha niseme yaliyobaki mwenyewe. Nimewaza sana juu ya mzee yule. Kuna mtu anayewaambia wengine kwamba upo, na kuna mtu anayewaambia unasema nini. Ukiwa mgonjwa wa sauti, mtafute wa aina ya kwanza na umshukuru Mungu ukimpata.

Ndani nilikutana na Nafula, mtaalamu wa kufundisha watu kusema upya. Ni msichana mwembamba, mchangamfu, anayeweza kukuambia jambo baya huku akikumiminia maji. Jambo la kwanza alilonikataza ni kunong'ona. Mimi nilikuwa nimenong'ona tangu Agosti, kwa sababu kila mtu, kuanzia mchungaji hadi muuza mboga, aliniambia nipumzishe sauti kwa kunong'ona.

"Wacha kabisa, mama. Hiyo inakuchokesha bure. Tumia sauti ile kidogo uko nayo, lakini iwe sauti."

Akanipa mrija na glasi ya maji. Nilipaswa kupuliza mapovu huku nikitoa mlio, mm mm mm, asubuhi na jioni, nikiwa nimenyoosha mgongo. Mwanamke mzima, ngui wa mwethya, napuliza mapovu kama mtoto na soda yake. Musyoka alipita, akatazama, akatoka. Lakini kufikia Krismasi ule upepo ulikuwa umepata kitu ndani yake, kijisauti chembamba chenye mikwaruzo. Mbele ya redio hakikusikika. Kwangu kilikuwa kikubwa, na siku niliyosema jina langu lote na kulisikia, nilienda kulisema tena nyuma ya choo, nikiwa peke yangu, nikafurahi.

Mutheu alikuja likizo kutoka Syokimau na sanduku kubwa. Ndani mlikuwa na spika yenye taa za rangi zinazozunguka, ya aina ile vijana wanapigia muziki.

"Mathe, hii ni moto. Unashikanisha na simu, unaongea kwa simu, inatoka hapa. Hata waya haina."

Alikuwa na nia njema na alitumia mshahara wake, kwa hiyo nilimbusu. Januari, kikundi kilipokuwa kwa Mama Kioko kuchimba mtaro mpya, niliibeba spika ile kichwani nikaenda. Sikuwa nimeombwa. Nilimwambia Kalekye anipe wimbo kidogo tu nijaribu, akanipa kwa heshima zote. Nikawasha. Taa zikazunguka. Nikatoa mstari.

Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba sauti ikipitia kwenye simu kwanza, inachelewa. Inachelewa kidogo tu, kama mtu anayekujibu simu kutoka ng'ambo. Ukihubiri, haidhuru. Lakini wanawake waliokuwa karibu nami walifuata mdomo wangu, na waliokuwa mbali wakaifuata spika, na mtaro mzima ukawa na mipigo miwili. Majembe yalishuka wakati sepetu zinapanda. Mstari wa tatu haujaisha, sepetu nzima ya udongo mwekundu ilimpiga Mama Kioko usoni.

Hakuna aliyecheka. Katika mwethya tunacheka kila kitu. Mtu akianguka mtaroni tunacheka kwanza, ndipo tunamtoa. Lakini siku ile wote walinyamaza, wakamfuta mwenyekiti macho, wakaniambia pole, pole mama, si kitu. Hapo ndipo nilipojua kwamba wameniweka kwenye hesabu ya wagonjwa, na nilibeba taa zangu nikaenda nyumbani nikiwa nimeumia kweli.

Jumapili Mama Kioko alinifuata nje ya kanisa. Alitoa mfukoni filimbi, kama ile ya refa wa mpira.

"Nimekufikiria. Chukua hii. Wewe utakuwa unapuliza tu, sisi tutajua ni saa ya kutupa. Si hata hivyo utakuwa na sisi?"

Alisema kwa upendo. Lakini filimbi haiwezi kumtaja mtu. Filimbi haiwezi kumwambia mke wa fulani kwamba jembe lake linabembeleza udongo badala ya kuuchimba. Nilimrudishia, nikamwambia asante, sina pumzi ya filimbi. Ilikuwa kweli, ila sehemu kubwa ya jibu hilo ilikuwa kiburi, na kiburi hicho sikijutii.

Nilipomsimulia Nafula habari ya spika na Mama Kioko, alicheka mpaka akalalia meza. Nilimpenda kwa hilo. Kisha akajifuta macho, akaniuliza swali moja, kama nilisikia sauti yangu ikitoka wakati uleule au baadaye. Akaenda kabatini, akarudi na kijisanduku kidogo chenye mkanda wa kufunga kiunoni, waya mwembamba, na maikrofoni ndogo inayokaa pembeni ya mdomo kwa kushika nyuma ya kichwa. Vitabuni labda ni kikuza sauti. Kwetu sasa ni kaspika, na mimi ndiye niliyekapa jina.

"Hii ni ya waya. Haichelewi," alisema. "Lakini nisikize vizuri, mama. Haka kamashine hakakupi sauti. Kanabeba ile uko nayo. Ukipiga kelele, kanabeba mikwaruzo. Ongea pole pole, kama unaongea na mtu mko naye jikoni."

Hilo la jikoni lilikuwa gumu kuliko mapovu. Maisha yangu yote nilikuwa nimerusha sauti. Sasa nilifundishwa kuiweka chini, kuinyoosha, kumaliza kila neno kabla ya kuanza jingine, kuvuta pumzi mahali pa koma. Mvua za Machi zilinikuta nikifanya mazoezi na mbuzi. Siku ya kwanza nilipowaita kwa kaspika walitimua mbio hadi kwa jirani. Baada ya siku chache walikuja. Niliwapa chumvi kwa adabu yao.

Sokoni nako kulikuwa na vituko. Wewe ukianza kukavaa, jitayarishe. Kwetu Muthetheni anayetembea na spika kiunoni ni mtu wa aina mbili, mhubiri au muuza dawa ya panya. Nilikuwa nimeinama nachagua nyanya, nikamwambia mwenye meza aniwekee na dhania, nikahisi nimeguswa bega.

"Mama, uko na ya kunguni ama ni ya panya tu?"

Nilimwambia sina, mimi ni mgonjwa wa koo. Akasema pole, akangoja kidogo, akauliza kama basi nitahubiri. Zamani ningetamani ardhi ipasuke. Siku hiyo nilicheka, na kaspika kakaubeba ule mlio wa baiskeli mpaka kwa wauza mitumba, na mwenye nyanya akacheka nami. Nilikuwa sijacheka na watu sokoni tangu mwaka uliopita.

Julai, katikati ya baridi, daktari aliingiza kamera yake puani, akasema ile kamba bado imelala. Alinieleza kuhusu sindano ya Nairobi inayoweza kuisogeza, akasema nifikirie. Ninaifikiria hata leo. Wako walioisifu na siwapingi. Lakini nilitoka pale bila kulia, kwa sababu nilikuwa na miadi muhimu zaidi. Agosti ilikuwa zamu ya shamba letu.

Siku ya mwethya mwenye shamba hulisha watu. Nilikuwa nimeamka mapema kupika isyo, mahindi na maharagwe, na uji wa mapipa. Musyoka alifunga mashine yake siku hiyo, akasimama pembeni na fimbo kuonyesha kamba ya mtaro ipite wapi, kazi ya wenye shamba wasiopenda kuchafuka. Kalekye alianza wimbo. Anaimba vizuri kuliko nilivyowahi kuimba, na hiyo naisema wazi. Tatizo lake ni kwamba hawezi kumtaja mtu. Nusu ya kikundi ni mama wakwe zake kwa njia moja au nyingine, na mke kijana wa Kikamba hatamki jina la mkwe, hata akipewa ruhusa ya ngui. Kwa hiyo waliimba vizuri na kuchimba vibaya. Wengine walikuwa wameegemea mipini wakimsikiliza kama wako kanisani.

Nilivua aproni. Nikafunga kaspika kiunoni juu ya leso, nikaweka maikrofoni pembeni ya mdomo, nikashuka hadi alipo Kalekye. Moyo ulinidunda mpaka niliogopa maikrofoni itausikia.

"Nipokee?" nilimuuliza.

"Pokea, mama. Mimi nilikuwa naogopa kukuuliza. Uliporudisha ile filimbi tulidhani hutaki tena."

Alimaliza mstari wake, akanyamaza. Nikavuta pumzi mahali pa koma, nikatoa wangu, chini chini, kama niko jikoni. Ulitoka na mikwaruzo. Ulitoka pia wakati uleule mdomo wangu ulipofunguka, na kutoka mwanzo wa mtaro hadi mwisho wake nikasikia majembe yakishuka kwa mpigo mmoja. "Tupa juu," wakaitikia, na udongo ukapaa wote pamoja. Mstari wa pili. Tupa juu. Wa tatu nilimtaja aliyeegemea mpini, akaruka kama aliyeng'atwa na siafu. Ninakufasiria tu, kwa Kikamba ilikuwa tamu zaidi.

Ndipo nikafika kwa niliyemkusudia.

"Musyoka msaga mahindi," niliimba, "amesaga na neno langu."

"Tupa juu."

"Nilimpa nitarudi, akanitolea sitarudi."

Hawakuitikia. Mtaro wote ulisimama, sepetu zikiwa hewani. Mama Kioko alijipangusa jasho.

"Ati nini? Hebu rudia hapo."

Nikarudia, neno kwa neno, polepole. Nikaona maana ikipita kutoka kichwa kimoja hadi kingine, kisha kicheko kikaanzia kwa Mama Kioko na kushuka mtaro mzima. Walicheka mpaka wengine wakakaa kwenye udongo. Walinicheka mimi na kichwa changu nilichotikisa, wakajicheka wenyewe na sala yao, wakamcheka mume wangu. Mwaka mzima nilikuwa nimekingoja kicheko hicho bila kujua kwamba nakingoja.

"Baba Mutheu," Mama Kioko akasema, "umetajwa."

Musyoka alitazama fimbo yake. Aliyetajwa hana njia. Aliiweka chini, akavua viatu vyake vizuri, akaingia mtaroni, akapewa sepetu. Hajui kuitumia. Nusu ya udongo wake ilirudi kumwangukia kichwani, lakini aliitikia kila mstari, na aliitikia mahali pake.

Saa ya uji alikuja kukaa kando yangu, mwekundu wa udongo hadi kwenye nyusi. Alikunywa kwanza. Kisha akasema, bila kunitazama, "Nilisikia yote. Kutoka kule mwisho."

Nikamwambia ndiyo kazi ya kaspika.

"Hapana, nisikize. Hata zamani, ukiwa na ile sauti yako kubwa, mimi nilikuwa nasikia kelele tu. Maneno sikuwa napata. Nilikuwa naitikia tu." Akazungusha uji kwenye kikombe. "Miaka hiyo yote. Niliona aibu kukuambia."

Nilimwonea huruma na nikamwonea hasira, vyote kwa pamoja, na chini ya hivyo viwili nilijisikia mwenye bahati. Nikampangusa udongo kwenye sikio.

Mama Kioko alikuwa ameshasimama katikati ya watu. Kulikuwa na msimu mzima wa kupangwa kabla ya mvua, na swali la nani atauimbisha. Akageuka upande wetu, na kwa ile desturi ya mwaka mzima, akamtazama Musyoka.

"Haya, Baba Mutheu. Huyu wako amesema aje? Ataendelea ama ilikuwa ya leo tu?"

Wote wakamgeukia yeye. Musyoka alichukua funda kubwa la uji, akalimeza bila haraka.

"Mimi nimetajwa mara moja, inatosha," alisema. "Muulizeni mwenyewe."

Wakanigeukia. Niliisogeza maikrofoni, nikanyoosha mgongo, nikavuta pumzi.

"Nitaimbisha mimi," niliwaambia. "Nikichoka, Kalekye atapokea. Na wiki ijayo atakayechelewa nitamtaja."